Kujaza risasi kwa mkono

Kujaza risasi kwa mkono ni kazi ya kuunganisha vipande vinne vya risasi ya bunduki, yaani ganda, fataki inayowasha, baruti na kichwa kinachoruka, nje ya kiwanda. Mara nyingi hufanyika juu ya meza ya nyumbani, kwa maganda ambayo yamekwisha kufyatuliwa. Wawindaji na walenga shabaha huifanya kwa sababu tatu: kupunguza gharama, kupata risasi za bunduki ambazo viwanda vimeziacha, na kuongeza usahihi. Sababu ya tatu ndiyo iliyoifanya kazi hii kuwa elimu yenye vitabu, majaribio na mashindano yake, na ndiyo inayozungumziwa zaidi hapa.

Msingi wake ni mwepesi kuueleza na mgumu kuutimiza. Bunduki nzuri iliyotulia juu ya egemeo hurudia kazi ileile kila ifyatuliwapo. Matundu yakitawanyika kwenye karatasi, sehemu kubwa ya lawama ni ya tofauti ndogondogo kati ya risasi moja na nyingine. Kiwanda hutengeneza risasi itakayoingia bila shida katika kila bunduki ya aina yake, popote ilipo, kwa hiyo hulazimika kuacha nafasi ya ziada kila upande. Anayejaza kwa mkono ana chemba moja tu ya kuiridhisha. Kazi yake yote ni kuzifanya risasi hamsini zifanane kuliko kiwanda kilivyoweza kuzifananisha.

Historia

Katika enzi za bunduki za gumegume, kila mpigaji alikuwa mjazaji. Alimimina baruti mtutuni, akatia kitambaa na gololi, akashindilia kwa mdeki. Mwenye gobore katika vijiji vya Tanzania anaijua kazi hiyo mpaka leo. Mambo yalibadilika katika miaka ya 1860, lilipoenea ganda la shaba lenye fataki katikati ya kitako. Kipimo chote sasa kilifungwa ndani ya kitu kimoja, kikabebeka mfukoni na kustahimili mvua.

Miundo miwili ya miaka hiyo bado inaamua nani anaweza kujaza upya na nani hawezi. Hiram Berdan, Mmarekani, aliiacha fuawe ndogo, ambayo fataki hugongwa dhidi yake, ndani ya ganda lenyewe, na moto wa fataki ukapitia vitundu viwili vya pembeni. Edward Boxer, ofisa wa jeshi la Uingereza, aliiweka fuawe ndani ya fataki na kuacha tundu moja katikati. Tundu hilo ndilo lililowapa wajazaji raha yao: pini nyembamba hupita katikati na kuitoa fataki iliyoungua kwa msukumo mmoja. Ajabu ni kwamba Marekani ilifuata muundo wa Mwingereza, na majeshi mengi ya Ulaya, pamoja na lile la Kisovieti, yakafuata ule wa Mmarekani. Ndiyo maana maganda mengi ya kijeshi ya asili ya Kisovieti, ambayo pia ni ya chuma kigumu, hayana thamani kwa mjazaji.

Mnamo 26 Septemba 1874, katika uwanja wa Creedmoor huko Long Island, jirani na jiji la New York, walenga shabaha sita wa Ireland walikutana na sita wa Marekani kwa umbali wa yadi 800, 900 na 1,000. Waairishi walishika bunduki za Rigby za kujazwa kwa mbele, kila pigo likipimiwa baruti yake. Wamarekani walikuja na Remington na Sharps za kujazwa kwa nyuma, ambazo wajuzi wengi waliamini haziwezi kufikia usahihi wa zile za zamani. Marekani ilishinda kwa pointi 934 dhidi ya 931. John Bodine alifyatua pigo la mwisho mkono wake ukiwa umechanwa na chupa iliyopasuka, akapiga katikati. Mwairishi J. K. Milner naye alikuwa amekwisha kupiga katikati, ila kwenye shabaha ya jirani, na pigo hilo halikuhesabiwa. Tofauti ya pointi tatu ilikuwa ndogo mno kuthibitisha ubora wa bunduki yoyote, lakini ilitosha kuwaondolea watu hofu juu ya ganda la shaba.

Mwaka 1884 una matukio mawili. Huko New Haven, Connecticut, John Barlow alianzisha kampuni ya Ideal, iliyouza vifaa vya mkononi vyenye umbo la koleo, vya kutoa fataki, kupachika nyingine na kukaza kichwa, na baadaye ikachapisha vijitabu vya maelekezo vilivyokuwa shule ya vizazi kadhaa vya Wamarekani. Mwaka huohuo huko Ufaransa, mkemia Paul Vieille alitengeneza baruti isiyo na moshi kutokana na nitroselulosi. Baruti nyeusi ya kale ilimvumilia mjazaji mzembe, kwani ganda lililojaa mpaka shingoni kwa kawaida halikuwa na madhara. Baruti ya Vieille na za jamaa yake hazina uvumilivu huo. Tangu hapo kijiko cha kukisia kilipoteza nafasi, mizani ikashika usukani.

Mtu aliyeigeuza kazi hii kuwa uchunguzi wa kweli ni Franklin W. Mann, daktari wa Massachusetts aliyeacha tiba na kutumia miongo kadhaa ya maisha yake akitafuta kwa nini risasi mbili zinazofanana haziingii tundu moja. Alijenga nguzo nzito ya saruji ya kuegemeza mitutu, akaiita Gibraltar, ili mkono na bega la binadamu visiwe tena kisingizio. Alipitisha risasi katika karatasi nyembamba zilizopangwa moja baada ya nyingine ili aone zilivyoyumba njiani, na makusudi akaharibu vitako vya vichwa ili apime athari yake. Kitabu chake, *The Bullet's Flight from Powder to Target*, kilitoka mwaka 1909. Kina majedwali mengi na majibu machache, na heshima yake inatokana na hilo: Mann aliandika majaribio yaliyoshindwa kwa uangalifu uleule alioyapa yaliyofaulu. Mitutu aliyoitumia mingi ilitoka kwa Harry Pope, fundi ambaye jina lake lilikuwa tayari linatajwa kwa heshima na kila mlenga shabaha wa Marekani.

Vita Kuu ya Pili iliacha maghala yaliyojaa baruti. Bruce Hodgdon wa Kansas alinunua shehena ya baruti ya ziada ya jeshi, akaihifadhi katika behewa kuukuu la reli na kuanza kuiuza kwa njia ya posta muda mfupi baada ya vita. Fred Huntington alikuwa ameanzisha RCBS huko California mwaka 1943, Joyce Hornady akaanza kutengeneza vichwa Nebraska mwaka 1949, na mwaka 1958 Richard Lee wa Wisconsin akatoa kijisanduku kidogo chenye kalibu, kijiko cha kipimo na vyuma vichache, ambacho mtu aliweza kukitumia kwa kugonga na nyundo ya mbao juu ya meza ya jikoni. Kifaa cha Lee ni cha polepole na kina kelele. Hata hivyo maelfu ya watu walijifunza nacho, na risasi zake zilikuwa bora kuliko bei yake ilivyoahidi.

Ganda

Ganda hutengenezwa kwa aloi yenye takribani asilimia 70 ya shaba na 30 ya zinki. Likifyatuliwa hutanuka mpaka kugusa kuta za chemba, likaziba gesi isirudi nyuma, kisha hunywea kidogo. Kwa hiyo ganda lililotoka katika bunduki fulani limebeba umbo la bunduki hiyo, na hapo ndipo faida ya kwanza ya mjazaji ilipo.

Kurudisha umbo hufanywa kwa presi inayolisukuma ganda ndani ya kalibu ya chuma. Anayejifunza hukutana hapa na somo lake la kwanza. Ganda lisipopakwa grisi hunasa ndani ya kalibu, na kulitoa kunahitaji kutoboa kitako chake na kulivuta kwa skrubu. Likipakwa grisi nyingi mno, mafuta hukosa pa kwenda na kubonyeza kishimo kwenye bega. Kiasi kinachotakiwa ni utando ambao vidole huusikia na macho huuona kwa shida. Kwa miaka mingi wapenda usahihi walirudisha shingo peke yake na kuliacha tumbo kama lilivyotoka chembani. Siku hizi wengi wa washindani hurudisha ganda zima, ila bega hulisogeza nyuma kwa elfu moja au mbili za inchi tu, yaani milimita 0.025 hadi 0.05. Kulisogeza zaidi ya hapo hulifanya ganda livutike kila lifyatuliwapo, na baada ya mizunguko michache ukuta wake hukonda juu kidogo ya kitako. Mjazaji makini huingiza waya mwembamba wenye ncha iliyopinda na kuupapasa ukuta kwa ndani. Waya ukikwama kwenye mfereji, ganda hilo hutupwa, kwa sababu safari ijayo litakatika vipande viwili ndani ya bunduki.

Shingo nayo huwa ngumu kwa kupanuliwa na kubanwa mara kwa mara, ikaacha kukishika kichwa kwa nguvu sawa, na hatimaye ikapasuka. Dawa yake ni moto. Elimu hii ina mzizi katika mkasa wa jeshi la Uingereza nchini India mwanzoni mwa karne ya 20, ambako risasi zilizohifadhiwa mazizini wakati wa masika zilikutwa maganda yake yamepasuka yenyewe. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 1921 ulionyesha kuwa amonia ya mkojo wa farasi ilishambulia aloi iliyokuwa bado na mkazo ndani yake tangu kiwandani. Kuipasha moto shingo na bega kuliondoa mkazo huo. Wajazaji wa leo hufanya vivyo hivyo kwa mwali wa gesi au kwa mashine ya umeme, wakihakikisha kitako hakipati joto, maana kitako kilicholainika hakiwezi kuhimili shinikizo. Kwa sababu hiyohiyo ya amonia, dawa za kung'arishia shaba za nyumbani hazifai kwa maganda.

Fataki

Fataki hupachikwa ikiwa imezama kidogo chini ya usawa wa kitako. Kubadilisha aina ya fataki kunaweza kupandisha shinikizo, kwa hiyo kipimo cha baruti huanzwa upya kutoka chini.

Baruti na kasi

Kipimo cha baruti hutajwa kwa greini, uzani wa kale wa Kiingereza ambao mmoja ni gramu 0.0648, na mizani ya kawaida ya mjazaji husoma sehemu ya kumi ya greini. Umuhimu wa umakini huo unategemea umbali. Tofauti ya mita 10 kwa sekunde kati ya risasi mbili za aina ya .308 Winchester haisogezi tundu zaidi ya milimita chache kwa mita 100. Kwa mita 900 huleta takribani robo mita ya kupanda au kushuka, na robo mita hiyo inatosha kumtoa mtu katikati ya shabaha. Ndiyo maana walenga wa masafa marefu hupima mpaka punje moja, wakati mabingwa wa mita 100 na 200 kwa miaka mingi wamemimina baruti kwa chombo cha ujazo chenye mpini, bila kuipima kila safari, na wakashinda.

Joto la baruti ni jambo jingine. Baruti za aina nyingi huungua kwa kasi zaidi zikipata jua, kwa hiyo kipimo kilichokuwa salama asubuhi kinaweza kuvuka mpaka mchana. Baruti kadhaa za kisasa zinazotengenezwa Mulwala, Australia, na kuuzwa Marekani kwa jina la Hodgdon, zimependwa kwa kuwa hazibadiliki sana kwa joto wala baridi.

Kichwa

Hakuna ufundi wa mezani unaoweza kuokoa kichwa kibaya. Kichwa ambacho kiini chake hakijakaa katikati ya gamba lake la shaba huzunguka kwa kuyumba, na kikitoka mtutuni hushika njia yake. Wapo washindani wanaotengeneza vichwa vyao wenyewe, kimoja kimoja, kwa vikombe vya shaba na nyaya za madini ya risasi.

Kinachobaki mikononi mwa mjazaji ni kina cha kupachika: kichwa kiruke umbali gani kabla ya kugusa mifereji ya mtutu. Umbali huo hupimwa kwa elfu za inchi, na bunduki mbili za kiwanda kimoja zinaweza kupenda vipimo tofauti. Kichwa kinachogusa mifereji hupandisha shinikizo, na kinachoruka mbali mno huenda kikaingia mshazari. Hiki ndicho kirekebisho kinacholeta mabadiliko makubwa kwa gharama ndogo, na pia kinachowapotezea wanafunzi vichwa vingi zaidi.

Mashindano ya benchi

Mashindano ya kulenga kutoka kwenye benchi, ambako bunduki huegemezwa juu ya mifuko ya mchanga, yalienea Marekani baada ya 1945 na ndiyo yaliyoisukuma elimu hii mbele kuliko kitu kingine chochote. Washiriki hawajazi nyumbani. Hubeba presi ndogo za mkono, kalibu na vyombo vya kumiminia hadi uwanjani, wakafunga vifaa hivyo kwenye meza nyuma ya mstari wa kufyatulia, na kujaza maganda yaleyale machache kati ya duru moja na nyingine huku wakibadilisha kipimo kadiri siku inavyopata joto.

Katika uwanja huu ndimo ilimozaliwa 6mm PPC, mwaka 1975, kazi ya daktari mpasuaji Lou Palmisano na fundi Ferris Pindell. Ganda lake ni fupi na nene, lenye fataki ndogo na tundu dogo la moto, na halijapata mpinzani wa kweli kwa umbali wa yadi 100 na 200. Nasaba yake inashangaza. Palmisano na Pindell walianza na .220 Russian, risasi ya michezo ya Kisovieti ambayo nayo ilitokana na 7.62×39, risasi ya AK-47. Maganda mazuri ya .220 Russian yalitoka kiwanda cha Lapua nchini Finland.

Rekodi za mchezo huu ni za kutoaminika kwa asiyeziona. Mwaka 1973 Mac McMillan alipiga risasi tano kwa yadi 100 ambazo vitovu vya matundu yake ya mbali kabisa vilitengana kwa inchi 0.009, chini ya robo milimita. Rekodi hiyo ilidumu miaka 40, hadi Mike Stinnett alipofikisha inchi 0.0077 mwaka 2013. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kikundi cha walenga shabaha kilitumia ghala kubwa la Houston, Texas, usiku, ili kujaribu risasi mahali pasipo na upepo kabisa. Matokeo yao yaliwashusha moyo wengi, kwani bunduki nyingi zilizosifiwa uwanjani hazikuweza kurudia sifa hizo ndani ya ghala.

Bisley, uwanja mkuu wa Uingereza tangu 1890, una falsafa tofauti. Katika shindano lake maarufu zaidi washiriki wote hupewa risasi za kiwanda kimoja, ili anayepimwa awe mtu na usomaji wake wa upepo.

Kujifunza

Anayeanza hushauriwa kushika bunduki moja, kichwa kimoja na baruti moja, pamoja na kitabu cha vipimo cha mtengenezaji kilicho kipya. Kipimo huanzwa chini ya kile cha juu kilichochapishwa, mara nyingi kwa asilimia kumi, na kupandishwa kidogo kidogo huku akikagua maganda. Fataki iliyobapa, alama inayong'aa kwenye kitako au mtambo unaofunguka kwa shida ni dalili za kusimama. Kila kitu huandikwa daftarini.

Kosa kubwa la wanafunzi ni la hesabu. Mtu hupiga risasi tatu, zikakaribiana, akatangaza kuwa amepata kipimo. Kesho yake kipimo kilekile kinatoa kundi lenye upana maradufu, naye anaanza kulaumu fataki. Kwa risasi tatu tu, tofauti kama hiyo huja kwa bahati bila chochote kubadilika. Vitabu vingi vya zamani vimejaa imani zilizojengwa juu ya makundi ya namna hiyo, na zimerithiwa kutoka kwa fundi hadi mwanagenzi bila kujaribiwa. Risasi kumi hadi ishirini za kipimo kimoja husema kweli zaidi, ingawa ni ghali na huchosha bega. Mwanafunzi aliyeelewa jambo hili mapema huacha nusu ya taratibu alizofundishwa na kubaki na zile chache zinazoonekana kwenye karatasi.

Hatari

Ganda la .308 Winchester limeruhusiwa kufikia shinikizo la pauni 62,000 kwa inchi ya mraba, sentimita chache kutoka kwenye jicho la mpigaji. Ajali nyingi hutokana na baruti iliyotambuliwa vibaya. Punje za baruti mbili zenye kasi tofauti kabisa zinaweza kufanana kwa macho, na kwa hiyo sheria ya meza ni kuwa na chupa moja tu ya baruti kwa wakati mmoja, na kutotumia kamwe ile isiyo na kibandiko. Vumbi la madini ya risasi na masalia ya fataki ni sumu. Mikono huoshwa, na wala chakula hakiliwi mezani hapo.

Afrika

Afrika Kusini ndiko ujazaji umeota mizizi zaidi barani, ikiwa na baruti yake yenyewe ya Somchem. Tanzania huusimamia utengenezaji wa risasi chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, na Kenya, ambako uwindaji wa wanyamapori ulipigwa marufuku mwaka 1977, chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114. Risasi za vyombo vya dola katika eneo hili hutoka viwandani, kama kile cha Shirika la Mzinga, Morogoro, na kile cha Eldoret, Kenya.

Uhusiano wa kihistoria wa bara hili na ujazaji uko katika bunduki za mitutu miwili za wawindaji wa tembo na nyati, kama .450 Nitro Express ya Rigby ya mwaka 1898. Zilitumia kordaiti, baruti ya nyuzi iliyopandisha shinikizo vibaya katika joto la kitropiki, na watengenezaji walizoea kupunguza kipimo kwa ajili ya India na Afrika. Fundi aliiunganisha mitutu hiyo miwili ikiwa imeelekeana kidogo kwa kuangalia kasi ya risasi moja mahususi, ili mapigo yote mawili yakutane kwa umbali wa yadi kadhaa. Kampuni ya Kynoch ilipoacha kutengeneza risasi hizo katika nusu ya pili ya karne ya 20, wenye bunduki walilazimika kujaza wenyewe, na waligundua kuwa kasi ikikosewa mitutu huachana: mmoja hupiga kushoto, mwingine kulia. Kwao usahihi ulikuwa kuirejea kasi ya zamani kwa baruti mpya.

Hali ya sasa

Risasi za kiwanda zimeboreka sana. 6.5 Creedmoor, iliyotolewa na Hornady mwaka 2007 na yenye jina lilelile la uwanja wa 1874, ilibuniwa ili mlenga shabaha wa masafa marefu apate usahihi dukani, na sanduku lake la kwanza lilichapishwa kipimo cha baruti kwa ajili ya wajazaji. Vipima kasi vya rada, ambavyo zamani vilikuwa vya maabara, sasa huingia mfukoni. Kuanzia 2020 fataki zilikuwa adimu na bei yake ikapanda, na baada ya vita kamili vya Ukraine kuanza mwaka 2022 mahitaji ya nitroselulosi kwa ajili ya majeshi yalipunguza baruti iliyowafikia raia.